Robo inchi

Mgeni aliyeniachia darubini hii alikuwa mwindaji. Simsingizii. Alinitajia mwenyewe kabla hatujalifikia daraja la Sabaki, nami nikamtupia jicho la pembeni, maana hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na mtu kujiita mwindaji mbele ya mwongoza wageni ni kama kujiita mdokozi mbele ya mwenye duka. Akacheka. Kwao Arizona, akaniambia, mtu hukata kibali, hupanda mlima alfajiri, hutafuta jiwe akakaa, na kinachofanya kazi siku nzima si bunduki, ni macho. Kulungu wa kule ni wadogo, rangi yao ni ya majani makavu, na mchana hulala kivulini ng'ambo ya bonde. Ukitembea huwaoni. Unakaa, unakitazama kichaka kimoja mpaka kichaka kitikise sikio.

Ilikuwa Agosti, kusi imechachamaa. Mlangoni mwa mto, pale maji mekundu ya Sabaki yanapoingia baharini, walikuwa wametua wale ndege wa Madagaska ambao kila mwaka huja kukaa kwetu kisha hurudi kwao kuzaa. Huja kwa maelfu. Hulala juu ya mchanga wameelekeza midomo upepo unakotoka, rangi ya tope juu ya tope, na asiyewajua hupita akidhani ni madongo. Mimi nikasimama, nikainua darubini yangu ya nane, yaani inayovuta mara nane, nikaanza maelezo yangu ya kila siku. Yeye akafungua begi, akatoa stendi ya miguu mitatu isiyofika hata kiunoni, akaipachika darubini juu yake kwa mlio mmoja mdogo, kch, akakaa mchangani. Dakika kumi hakusema neno. Kisha akaniuliza: "Huu mstari mweupe chini ya jicho, wote wanao?"

Nilikuwa nimewaonyesha watu ndege wale miaka sita. Mstari ule nilikuwa nikiuona kwenye picha za kitabu. Pale mchangani, kwa macho yangu mwenyewe, sikuwahi kuuona hadi siku ile nilipopiga magoti mahali pake.

Alipoondoka aliniachia darubini. Stendi na kile kidude cha katikati cha kuviunganisha akarudi navyo.

Darubini yenyewe ni ya 12x50, yaani inavuta mara 12 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza inavuta mara ngapi, kama kwamba mvuto ni neema tupu. Mvuto hauchagui. Unamvuta ndege mara 12, na mtetemo wa mikono yako unauvuta mara 12 vilevile. Pumzi, mapigo ya moyo, kahawa chungu uliyokunywa bila kashata, vyote vinaingia kiooni. Darubini ya nane mtu hujikaza akaitumia asubuhi nzima. Ya kumi, kwa muda. Ya kumi na mbili, kusi inapokupiga ubavuni, heroe mmoja anakuwa watatu na wote wanacheza. Wiki ya kwanza niliamini nimepewa darubini mbovu, na mama watoto akaniambia niiuze kabla haijazidi kuharibika.

Stendi nilikuwa nayo. Niliinunua kwa jamaa mmoja mpiga picha za harusi aliyebadilisha vifaa, stendi nzito ya alumini, mguu mmoja una mkwaruzo lakini mzima. Kilichokosekana ni hicho cha katikati. Darubini iko huku, stendi iko kule, na baina yao hapana kitu. Nimekuja kuona kwamba karibu kila mtu anayeniuliza habari ya stendi anauliza kinyumenyume: ameshanunua darubini ya bei, ameshanunua miguu ya kaboni myepesi kama bua, halafu ndipo anatafuta kiungo, na kiungo anakinunua kwa chenji iliyobaki mfukoni. Basi mtetemo wote unahamia kwenye kiungo.

Mimi nilianza na mpira wa tyubu. Usicheke. Tyubu ya baiskeli imekatwa vipande virefu kama ile ya kufungia mizigo nyuma ya boda, nikaifunga darubini juu ya kichwa cha stendi mizunguko minne. Ilishika. Ila kila nilipotaka kuwapa wageni darubini mkononi ilinibidi nifungue kama mtu anayefungua kitita cha kuni, na mpira ulibana mapipa mawili ya darubini hata hayakuweza tena kukunjwa kumfuata kila mtu na nafasi ya macho yake. Lakini fikra haikuwa mbaya. Baadaye nikaona kwamba viungo vinavyouzwa kwa ajili ya darubini zisizo na tundu la boliti ni jambo lilelile kwa sura nzuri zaidi: kibao kidogo chenye mfuo, darubini inalala juu yake, mkanda unapita juu unabana. Kama darubini yako haina tundu, nunua hicho bila aibu. Angalia tu mkanda usikamate gurudumu la kulenga.

Yangu ilikuwa na tundu, nami sikujua. Mbele kabisa, pale mapipa mawili yanapokutana kwenye bawaba, palikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki chenye alama ya kampuni. Nilidhani ni pambo. Mwanangu wa kiume, ambaye hawezi kukiona kifuniko asikizungushe, alikizungusha kikatoka, na ndani mkawa na hesi, yale meno ya kuzungushia boliti. Kifuniko chenyewe hatujakiona tena hadi leo.

Tundu hilo kwenye darubini nyingi ni la kipimo kilekile cha kamera: boliti ya robo inchi, hesi 20 kwa kila inchi. Kwa hiyo niliagiza kiungo cha kawaida kabisa, kile chenye umbo la herufi L. Mguu uliosimama unaingia baina ya mapipa na kufungwa kwenye tundu, mguu uliolala unakaa juu ya stendi. Kilikuja kwa basi kutoka Mombasa, bamba la alumini lililokunjwa, jepesi, zuri kwa macho. Nikakifunga nikaenda Sabaki.

Kusi ikaniaibisha. Bamba lilikuwa jembamba, na darubini ya kilo moja hivi ikining'inia juu yake ilikuwa inanesa kama tawi la mwembe lililotuliwa na kunguru. Miguu ya stendi imetulia, kichwa kimetulia, na juu pale darubini inaitikia kila pumzi ya upepo: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Zaidi ya hapo, mguu uliosimama ulikuwa mpana, kwa hiyo mapipa hayakuweza kukaribiana vya kutosha. Mama mmoja mwenye uso mwembamba alitazama akaona duara mbili badala ya moja, akanirudishia kwa upole, na upole wa mgeni aliyelipa unaujua ulivyo.

Hapo ndipo nilipojifunza jaribio ambalo sasa nalifanya kwenye kila duka, muuzaji apende asipende. Funga darubini juu ya stendi, lenga kitu cha mbali, ncha ya antena au herufi za bango, kisha gonga mguu wa stendi kwa kidole kimoja. Hesabu. Picha ikitulia kabla hujafika mbili, kiungo ni kizuri. Ukifika nne bado inatetemeka, rudisha, hata kama kimepakwa rangi ya dhahabu. Ukubwa wa bei hausemi kitu hapo. Unene na ufupi wa chuma ndio unaosema. Kiungo kirefu ni mkono mrefu, na mkono mrefu upepo unaupenda.

Ningeendelea kuvumiliana na L yangu, lakini boliti yake ikanidondoka mchangani siku ya bamvua, maji yakipwa mbali na mimi nikikimbilia heroe. Kutafuta boliti kwenye mchanga wa Sabaki ni ibada ya mtu asiye na kazi. Nikarudi mjini, nikaingia duka la vyuma, nikaonyesha tundu, kijana akanipa boliti ya milimita sita. Ikaingia. Mizunguko miwili laini, wa tatu mgumu, nami kwa kujiamini nikatia spana.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa mmoja wao: boliti ya milimita sita ina hesi zilizopishana milimita moja kamili. Ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35 na hesi zake zinapishana milimita 1.27. Kwa jicho ni mapacha. Ndani ya tundu moja anatafuna meno ya mwenzake. Nilipoitoa boliti ilitoka na uzi wa chuma umejisokota kama nywele.

Kuna mzee fundi mtaa wa Shela, mkereza vyuma, ambaye wavuvi humpelekea mashine za boti. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake sahani ya mhamri mmoja na robo.

"Ami, sabalkheri."

"Sabalkheri, mwanangu. Umeleta nini, umeleta kamera?"

"Darubini."

Aliipokea kwa kanga kuukuu aliyoitandika mapajani, hakuishika kwa mikono ya grisi. Akachungulia tunduni kwa jicho moja, akaniuliza boliti iliyoingia ilikuwa ya namna gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Hiyo ni ya mita. Tundu hili ni la inchi. Umewaozesha wasioelewana."

Kisha akafanya jambo ambalo silisahau. Alichukua kijiti cha kiberiti, akakiingiza tunduni polepole hadi kikagota, akakibana kwa ukucha pale kilipokutana na mdomo wa tundu, akakitoa, akakipima. Akakikata kwa jino pale penye alama ya ukucha. Akarudia mara ya pili kwa kijiti kingine, maana, alisema, kijiti cha kwanza ni cha kujua na cha pili ni cha kuhakikisha. Hesi zilizoharibika zilikuwa zile za mdomoni tu. Za ndani zilikuwa salama. Boliti ya kawaida ilikuwa fupi mno kuzifikia. Na boliti ndefu kupita kiasi ingegota mwisho wa tundu na kuisukuma bawaba yenyewe, na hapo darubini ingeharibika kweli.

Akatoa sanduku la mbao lenye vyuma vya kuchongea hesi, vya enzi za Mwingereza, kila kimoja kimelala kwenye kitanda chake. Kipimo cha Whitworth. Joseph Whitworth alikuwa mhandisi wa Uingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba hesi za boliti ziwe za aina moja nchi nzima, na robo inchi yake ina hesi 20 kwa inchi. Hicho ndicho kipimo wapiga picha walichokishika, na dunia ilipohamia milimita, kamera hazikuhama. Kwa hiyo chuma cha kurekebishia gari la mkoloni kikaingia kwenye darubini ya mwindaji wa Arizona bila kusumbuka. Fundi alikizungusha kwa vidole viwili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kila mara akipuliza vumbi la chuma litoke. Hakutia spana hata mara moja. Nilihisi kama nahubiriwa.

Nilimweleza kile kidude cha mgeni, kilicholia kch. Hakuwahi kukiona lakini alikielewa kabla sijamaliza. Akakereza kijiti cha shaba ya njano chenye urefu wa kidole gumba, upande mmoja hesi kwa urefu wa kile kijiti cha kiberiti ukipungua kidogo, upande wa pili kichwa cha duara chenye shingo. Halafu kikombe cha chuma cha kukaa juu ya stendi, chenye parafujo ya ubavuni ya kukaza kwa mkono. Kijiti kinaishi ndani ya darubini daima. Ukifika, unakitumbukiza kikombeni, unakaza mara moja, basi. Hakuna bamba la kunesa wala mguu mpana baina ya mapipa. Darubini imekaa chini, karibu na stendi. Nikagonga mguu kwa kidole. Moja, ikatulia.

Vitu vya namna hii huuzwa tayari, vya kijiti na kikombe, na kama tundu lako ni zima na mfuko unaruhusu, ndicho ninachokupendekezea kuliko L yoyote. Kama ni lazima ununue L, tafuta nene na fupi, yenye mguu mwembamba kwa upande.

Habari ya kichwa cha stendi sitaikawiza sana. Kichwa cha gololi ni kizuri kwa kamera na kibaya kwa darubini: ukilegeza tu, darubini inaanguka kifudifudi kama mtu aliyezimia, na siku moja itakukuta na kidole baina. Kichwa cha bastola, kile cha kubana kwa kiganja, ni kitamu kwa mkono, lakini nilikiazima safari moja ya kwenda upande wa Garsen, na kwenye kizuizi askari akafungua begi langu, akaona mpini wa bastola unatokeza chini ya kikoi. Nilifundisha somo la ndege kwa dakika arobaini kando ya barabara. Tangu siku hiyo natumia kichwa kidogo cha vidio, chenye mkono mmoja mrefu wa kuongozea. Kinakwenda polepole kushoto na kulia, unakiacha kinabaki. Hiyo ndiyo siri ya wale wawindaji wanaokaa milimani: hawavinjari kwa darubini. Wanaligawa bonde vipande, wanatazama kipande kimoja mpaka wamekimaliza, wanasogea upana wa kioo kimoja, wanatazama tena. Januari, tunapohesabu ndege wa majini, mimi nafanya hivyo hivyo kwenye tope: mkono mmoja unaongoza, mwingine unabonyeza kaunta, na sirudi nyuma kuhesabu sululu niliyekwisha kumhesabu.

Kwa miguu, nitakuambia nilivyozoea mimi. Ile nguzo ya katikati sipandishi kamwe, maana ukiipandisha umeweka darubini juu ya fimbo. Natandaza miguu chini, nakaa juu ya kreti ya soda, mgongo nimeupa upepo. Begi hulining'iniza chini ya stendi, lakini nahakikisha linagusa mchanga, kwani begi linalobembea linatingisha kuliko upepo. Na topeni, ambako miguu ya stendi huzama taratibu na picha ikawa inateleza hata hujui kwa nini, natia kila mguu ndani ya kifuu, kimetazama juu kama bakuli. Vifuu vitatu. Wageni hupiga picha vifuu kuliko ndege.

Yako mambo stendi haiyatibu. Ifikapo saa nne asubuhi tope limeshapata joto, hewa juu yake inachemka, na mazigazi yanageuza vitwitwi kuwa moshi. Hapo hata ukiwa na stendi ya zege, huoni. Tunakunja, tunakunywa madafu. Na chumvi nayo. Shaba na alumini zikikaa pamoja kwenye hewa ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Kila mwezi nakitoa kile kijiti, nafuta, napaka grisi kidogo, narudisha. Miguu naiosha kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu nayo yana chumvi.

Nilivipiga picha kijiti na kikombe, nikamtumia yule mgeni. Alijibu siku ileile. Chake alichokinunua kwa dola kimepasuka, akasema, na anauliza kama fundi wangu anaweza kumkerezea kimoja.

Nikaenda Shela. Mimi alikuwa amenitoza shilingi mia tatu, na kikombe cha chai juu yake. Nikamweleza.

"Huyu ndiye yule mwindaji?"

"Ndiye, Ami."

Akafuta mikono, akatafuta sanduku lake la kiberiti, akatoa kijiti kimoja, akanipa.

"Mpelekee hiki apimie tundu lake kwanza. Bei tutazungumza kikirudi."